Mlango Uliofika Butere

Ibada ilipokwisha, Kasisi Cleopas Wesonga alitangulia hadi mlango mkuu wa kanisa la Mtakatifu Oswin, Washwood Heath, akasimama pale na kanzu yake nyeupe ili awaage waumini kwa mkono, kama ilivyo desturi ya makasisi wa Uingereza. Waumini wakafunga vitabu vya nyimbo, wakageuka upande wa pili, wakatoka kwa mlango wa pembeni, ule wa kupitishia makaa ya mawe. Mlango wenyewe mwembamba, mtu mnene sharti apite ubavu. Walipita ubavu.

Ilikuwa hivyo tangu alipoletwa Birmingham mwaka wa 1969. Mzee wa kanisa, Bwana Hodgetts, alimweleza kwamba mlango mkuu una upepo mbaya kwa vifua vya wazee. Huo ulikuwa mwezi wa Julai, jua linawaka, na vijana nao walipita kwenye makaa. Upepo gani, jamani? Hawakutaka kushika mkono mweusi, basi. Mkono pekee alioushika Cleopas mlangoni pale ulikuwa wa Baldev Singh, jirani yake aliyehama Kisumu, akipita kutoka zamu ya usiku kiwandani, na Baldev hata Mkristo hakuwa.

Kwao Cleopas, huko Butere, si mbali na Kisumu, salamu ni mkono. Mtu akikukuta njiani anakushika, anakutikisa, anauliza habari za ng'ombe, kisha anakushika tena. Sasa mtu aliyelelewa hivyo umwache na mkono unaning'inia, Jumapili baada ya Jumapili! Imani yake ikaanza kupoa. Alisali kwa mdomo tu, kama mtu anayesoma saa za basi, na akishasema amina hakungoja chochote.

Jumapili ya Pentekoste, mlango wa makaa ulifungukia Butere, uani kwa mamake.

Waumini walitoka wawili wawili, wakajikuta kwenye migomba, wakatazama viatu vyao katika udongo mwekundu, wakaendelea mbele. Mama Truphosa alitoka jikoni akijifuta mikono kwa leso, akawasalimu mmoja mmoja. "Mulembe," akawaambia, na hakuacha mkono wa mtu mpaka amwulize habari za watoto. Yeye hakujua Kiingereza, wao hawakujua lugha nyingine, na walielewana vizuri. Akawapa chai na viazi vitamu. Walirudi wakatokea uani mwa kanisa penye mapipa ya taka, wakaenda makwao kula nyama ya kuoka.

Bibi Hodgetts ndiye aliyemwambia Cleopas, alipokuja kulalamika juu ya tope.

"Mama yako anasema umekonda," akasema, akiwa amesimama mbali kidogo. "Mwanamke mwema sana. Alinishika mkono, hakuniachia."

"Nawe ukakubali kushikwa?"

"Kukataa kungekuwa utovu wa adabu, Kasisi."

Cleopas alikimbilia ule mlango. Akatokea kwenye mapipa ya taka na paka. Akajaribu na kanzu, akajaribu bila kanzu. Jumapili iliyofuata akajipenyeza katikati ya Bwana Hodgetts na mkewe. Wao wakafika Butere, yeye akabaki na paka. Baldev naye alijaribu, akatokea palepale.

"Padri, haki haya ni madharau," Baldev akasema, akikung'uta vumbi la makaa kwenye kilemba. "Mimi nimezaliwa Kisumu. Kuingia hapa Uingereza, paspoti yangu iligongwa mihuri mpaka ikachoka. Hawa wanakwenda Butere kunywa chai, hata kofia hawavui!"

Watu wakazoea. Kamati ya kanisa ikanunua zulia dogo la kupangusia tope. Waliokuwa hawajakanyaga kanisani tangu harusi zao walirudi, viti vikajaa. Bwana Hodgetts alijifunza kukama ng'ombe. Walishika kila mkono Butere nzima, na hakuna aliyejipangusa. Cleopas alisimama peke yake kwenye mlango mkuu, akisikia kicheko cha mamake kikitoka kwenye upenyo wa ule mwingine.

Mwezi wa Novemba Bibi Hodgetts alileta habari kwamba Mama Truphosa haamki tena kitandani.

"Anahema kwa shida. Anauliza mbona huji."

Cleopas alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda nyumbani, akaambiwa angoje Krismasi ipite.

"Basi nibebee salamu," akasema. "Lakini kwetu salamu za mgonjwa hazibebwi kwa mdomo. Nishike mkono mimi, kisha ukamshike yeye. Atajua ni wangu."

Akaunyoosha mkono. Bibi Hodgetts aliutazama. Mkono wake mmoja ulikuwa na mkoba. Wa pili haukuwa na kitu, akautia mfukoni mwa koti.

"Nitamwambia tu, Kasisi. Ataelewa."

Kuna watakaosema hakuwa mwanamke mbaya. Na waseme.

Jumapili hiyo alirudi na tope hadi magotini.

"Amefariki," akasema. "Nilikuwa nimemshika. Aliuliza kama umemtumia mkono. Nikamwambia umemtumia salamu. Akasema, 'Na mkono je?' Hakusema tena." Akajifuta machozi, na yalikuwa machozi ya kweli. "Wanamzika Jumapili ijayo. Sote tumealikwa."

Jumapili ya mazishi Cleopas hakupanda mimbari. Aliwapa waumini mgongo, akaielekea altare, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayedai chake.

"Bwana, umewafungulia hawa mlango, mimi mwana wa nyumba ukanifungia! Mama yangu amekufa akiuliza mkono, na mkono ulikuwepo, huu hapa! Ni haki hiyo? Nimekubembeleza, nimekunyamazia, mwisho nikadhani hupo. Kumbe upo. Mtu hagombani na nyumba tupu. Sitoki hapa mpaka unijibu."

Akaipiga altare ngumi, vinara vikaruka. Akalia bila haya. Kisha akangoja kujibiwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu afike Birmingham, na kifua chake kilikuwa cha moto.

Waumini walisikiliza wameketi wima, wamevaa nguo nyeusi. Walikuwa wameshinda miezi mingi uani kwa Mama Truphosa, kwa hiyo walielewa kila neno.

"Hujawahi kuhubiri vizuri namna hii, Kasisi," Bwana Hodgetts akasema kutoka kitini kwake.

Wakaokota mashada yao ya maua, wakapanga foleni kwenye mlango wa makaa kwenda kumzika mamake. Wa mwisho aliufunga polepole, kwa heshima ya mfiwa.