Mikate ya Shukrani ya Dalsu

Kanisani kwao, pale Gunsan, anayejibiwa maombi huwalisha wenzake mikate ya mchele. Aliyepata mjukuu, mikate. Aliyefaulu mtihani, mikate. Mallye alikuwa amekula majibu ya watu miaka thelathini, akanenepa nayo, na yake mwenyewe hajaleta hata kipande.

Ini la mwanawe Dalsu lilipoharibika, aliweka nadhiri ya kuomba alfajiri siku arobaini. Siku ya thelathini na moja imani ikampanda kichwani: akaenda dukani, akaagiza masanduku matano yaletwe Jumapili ya siku ya arobaini, yameandikwa, "Asante Mungu kwa kumponya Dalsu."

"Mama Dalsu, si ungengoja kwanza?" akauliza Gapsun, aliyepiga magoti kando yake kila alfajiri.

"Wangoje wasioamini. Wewe utakula hukuli?"

"Nitakula. Mdomo wangu hauna dhehebu."

Alhamisi, siku ya thelathini na saba, kabla hata Mallye hajatoka kwenda kuomba, Dalsu alikata roho. Wakamzika Jumamosi. Katika vilio vile, nani akumbuke mikate?

Jumapili, ibada ilipokwisha, mwenye duka akashusha masanduku mlangoni, mvuke ukifuka. Habari za msiba hazikuwa zimemfikia. "Hongera, mama!" akasema, meno yote nje. "Mungu wenu hachelewi!"

 Gapsun akavua shali lake upesi, akafunika maandishi.

"Toa shali lako," akasema Mallye.

"Dada, acha tuyarudishe."

"Yatapoa. Dalsu hakupenda mkate uliopoa."

Akafungua, akakata mwenyewe. Watu wakapokea kwa mikono miwili kama desturi, lakini lile neno la kupokelea, hongera, hakuna aliyelitamka. Mchungaji akasogea, akanong'ona, "Mama, niombe shukrani?"

"Omba ya chakula tu, mchungaji. Ya Dalsu niachie mimi na Yeye. Hatujamalizana."

Gapsun alikuwa ameshika kipande chake, hakili.

"Kula. Si ulisema mdomo hauna dhehebu?"

Gapsun akacheka, na kicheko hakikufika mwisho, kikageuka kilio. Mallye akamshikilia begani, akajipangusa unga mkononi, akaendelea kukata mpaka sanduku la tano.

Jumatatu alfajiri hakuna aliyemtarajia. Alikuja. Taa zikazimwa kama kawaida, watu wakamlilia Bwana mara tatu kwa sauti moja, kisha kila mtu akamwaga haja zake. Mallye alipiga magoti kwenye mto wake uleule, ulioingia shimo la magoti yake.  Kwa siku thelathini na sita alikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilikuwa limezikwa.

"Leo ni ya thelathini na saba," akasema hatimaye. "Zimebaki tatu. Sina la kuomba. Nimekuja tu."