Gego la Bi Swabaha

Wako wanaokusanya vikombe vya kaure. Daktari Marziya alikusanya magego. Alikuwa nayo arubaini, ndani ya chupa ya dawa, katika kliniki yake ya Mji wa Kale. Kila Jumamosi aliyapeleka machache Tononoka, kwenye mashine ya picha za pande tatu, aone mifereji ya mishipa inavyopita ndani ya mizizi. Mumewe alishakata tamaa ya kumtoa matembezi.

Gego moja zaidi halikuwa lake, wala hakulihesabu na hayo. Mwaka jana Bi Swabaha, muuza tambuu, yale majani ya kutafuna na popoo, alitibiwa na Marziya mifereji ya gego la juu kulia, maumivu yakakataa kwisha, Marziya akaling'oa. Akaliomba. Bi Swabaha akampa kwa sharti lirudi kuzikwa uani, yalikozikwa meno ya mamake, maana kwao kitu cha mwili hakitupwi ovyo. Marziya aliahidi wiki mbili, na wiki mbili zikazaa miezi. Picha yake ilipigwa Jumamosi iliyopita, wala alikuwa hajaifungua.

Jumatatu Bi Swabaha aliingia ameshika shavu la kushoto. Lilikuwa pacha wa gego lile, la juu kushoto, ambalo Marziya alilisafisha mifereji mitatu na kuliziba mwezi uliopita.

"Ling'oe, mwanangu," alisema. "Ila ndilo la mwisho la kutafunia popoo. Likitoka hili, mimi na tambuu tumeachana."

Marziya aliona aibu mpaka masikioni. Akampa dawa ya kutuliza, akamwomba siku moja.

Jioni hiyo aliifungua picha ya gego la kulia. Akaizungusha taratibu. Katika mzizi wa mbele, upande wa shavuni, ambamo yeye alihesabu mfereji mmoja, mlikuwa na miwili. Wa pili ulikuwa mwembamba kama uzi. Na magego ya kulia na kushoto aghalabu hufanana.

Kesho yake, katika gego la kushoto la Bi Swabaha, alichokora pale pale palipoonyeshwa na picha. Sindano yake nyembamba ya kutafutia mifereji ikazama. Alifurahi karibu aimbe. Akausafisha mfereji, na baadaye akauziba.

Wiki tatu baadaye alikwenda kwa Bi Swabaha na gego la kulia, amelifunga kitambaa cheupe.

"Bi Swabaha, hili nalo lilikuwa na mfereji wa nne. Sikuuona. Lingepona. Nililing'oa bure. Nisamehe."

Bi Swabaha aliendelea kutafuna, upande wa kushoto.

"Na sasa ukija mfereji mwengine kama huo, utauona?"

"Nitautafuta kwanza."

Bi Swabaha akalifungua gego, akalitazama, akalifunga tena, akamrudishia mkononi.

"Enda nalo basi. Uani kwangu halitamfaa mtu. Ukishamaliza nalo, ndipo tulizike."

Marziya alirudi kliniki kwa miguu, kitambaa amekikumbatia kifuani, akilia na kucheka. Kwenye kibandiko cha chupa akaifuta arubaini, akaandika arubaini na moja.