Mahindi ya Kuchangia Pointi

Kifuniko cha birika kiligonga mara moja, kisha kikanyamaza. Nje kulikuwa na giza bado, hata jogoo wa jirani hajawika. Nilijua ni mjukuu wangu Ritha yuko jikoni, na nilijua amekishika kile kifuniko kwa kanga ili kisiniamshe. Ana tabia hiyo tangu mdogo. Akija kunisalimia hapa Chanika, Handeni, kutoka Korogwe, anakoishi na kufanya kazi kwenye duka la dawa, hutembea ndani ya nyumba kama mtu aliyebeba maziwa.

"Umeniamsha," nikamwambia kutoka kitandani.

"Shikamoo, bibi. Nilikishika, kikaniponyoka."

"Marahaba. Leta chai basi, kosa lipate faida."

Akaleta chai, akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu ameikunja chini ya kanga. Nikaona ana neno. Ritha akiwa na neno hukoroga chai ambayo sukari yake imekwisha kuyeyuka.

"Bibi, nataka nikupandishe ndege. Uende Mwanza kwa bibi Elina."

Elina ni mdogo wangu, tumefuatana kunyonya ziwa moja. Aliolewa na Mnyamwezi, fundi wa mitambo kwenye mashamba ya mkonge, na mume alipopata kazi Mwanza wakahama. Mume amekwisha kufariki. Sasa Elina ana presha ya macho, na daktari amemwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinaondoka taratibu. Kila nilipozungumza naye kwenye simu nilikuwa nikiomba moyoni nimwone kabla hajaacha kuniona. Lakini nyonga yangu ilivunjika na kuungwa, na safari ya basi hadi Mwanza siiwezi. Kukaa kitako hadi Korogwe tu, nashuka nimekakamaa kama mlango mbovu.

"Ndege ni ya matajiri, mama," nikamwambia.

"Siyo kwa pesa. Kwa pointi."

Akanieleza polepole. Benki yake ina makubaliano na shirika la ndege. Kila anaponunua kitu kwa kadi badala ya kutoa noti, anaandikiwa pointi. Zikifika kiasi fulani, shirika linampa tiketi ya kwenda na kurudi, na anaweza kumkatia ndugu yeyote.

"Bure?"

"Nauli ni bure."

"Sasa anayelipa ni nani?"

Ritha akacheka. "Hata mimi sijui vizuri, bibi. Mimi nanunua tu. Mafuta ya pikipiki, kadi. Sabuni, kadi. Zile dawa zako za presha ninazokuletea, kadi."

"Kumbe kila nilipomeza kidonge nilikuwa nasogea Mwanza, na wala hukuniambia!"

"Niliogopa zisifike. Na hazijafika, bibi. Zimepelea kidogo, na mwaka huu ukiisha zile za zamani zinafutwa."

Aliposema hivyo uso wake ulikuwa wa mtoto aliyevunja chungu. Alikuwa amekusanya kimyakimya, kidogo kidogo, tangu nilipovunjika.

Ritha aliporudi Korogwe, nilimsimulia jirani yangu aitwaye Afisa habari hizi. Afisa ni Mzigua wa hapa hapa, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mbuzi, na moyo wake ni mkubwa kuliko sauti yake. Nikamwambia: safari ya kwenda kwa Elina ipo, imepungukiwa pointi. Nilisema hivyo tu.

Sasa, kwetu mtu akiwa na safari ya maana, ya harusi au ya hospitali, hasafiri peke yake hata kama anaenda peke yake. Watu huchanga. Mwenye pesa hutoa pesa, asiyenayo hutoa alichovuna. Kesho yake asubuhi nikasikia hodi. Afisa alikuwa amesimama na debe la mahindi kichwani, na nyuma yake wanawake wa mtaa, huyu na maharage, yule na tetea amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge.

"Mama Valentino," Afisa akaniita kwa jina la mwanangu, akitua debe, "haya ni ya kuchangia pointi."

Mimi sikucheka. Mnijue nilivyo: niliwaza Ritha atakuwa anajua pa kuyapeleka. Niliwashukuru mmoja mmoja, nikawapa maji ya kunywa, tetea nikamfunga kwenye mguu wa meza. Kisha nikampigia Ritha simu kumpa habari njema.

Alicheka mpaka akakohoa. "Bibi, pointi hazipokei mahindi!"

"Hata kuku?"

"Hata kuku!"

Kisha nikasikia anavuta kamasi. "Wote hao wameleta kwa ajili yako?"

"Wameleta. Niwarudishie?"

Afisa alikuwa hajaondoka, na masikio yake ni kama sauti yake. Akaniinamia pale kwenye simu. "Wee Ritha! Mchango haurudishwi! Ukinirudishia mahindi yangu, kwenye msiba wangu usije!"

Basi mahindi yakakaa pembeni ya sebule, tukawa tunayazunguka.

Aliyetuokoa ni Hashim mwenye duka pale njia panda. Nilikwenda kwake kununua chumvi, akanitania, "Bibi Edna, nasikia umefungua ghala." Nikamweleza yote. Hakucheka. Aliweka mkono kwenye mizani, akafikiri.

"Kwa hiyo mjukuu wako anachotaka ni manunuzi yapite kwenye kadi yake?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mimi kila wiki nafungasha mzigo Korogwe. Sukari, unga wa ngano, mafuta ya kula. Duka la jumla ninaponunua lina mashine ya kadi. Yeye apitishe kadi, mimi nimkabidhi pesa yake pale pale mkononi. Mimi sipungukiwi kitu."

Alisema hapungukiwi kitu. Lakini siku ya mapumziko ya Ritha iligongana na siku ya gulio hapa kwetu, siku ambayo duka la Hashim halipati nafasi ya kukohoa. Siku hiyo nilipita njia panda nikaona mlango umefungwa, na wateja wanageuka kwenda kwingine. Wiki iliyofuata ukafungwa tena. Hajanitajia jambo hilo hata leo, na mimi naliandika hapa ili lisipotee.

Pointi zikafika. Ritha alinipigia akiwa bado mle kwenye duka la jumla, nikasikia watu wanavuta magunia. "Zimetimia, bibi! Ila kuna ada za uwanja wa ndege, hizo lazima nilipe pesa."

Afisa alipolisikia hilo, akajifunga kanga kiunoni. "Nilisema mimi!" Hakuwa amesema kitu. Akabeba mahindi, maharage na yule tetea hadi sokoni, akaviuza yeye mwenyewe, maana alisema mimi nina huruma na wanunuzi. Ada ikapatikana, na nauli ya basi juu yake.

Kabla Ritha hajakata tiketi, nilimpigia Elina. Nilitaka nisikie anavyofurahi.

"Elina, nakuja. Kwa ndege."

Akapiga kigelegele, kikakatika katikati. Tukacheka. Kisha akauliza, "Dada, ukija utapita Mazinde?"

"Mazinde si njia ya Mwanza."

"Najua. Nauliza tu. Ile milima ya Usambara, asubuhi bado inakuwa ya bluu vile? Na mkonge, bado wameupanda hadi karibu na makaburi?"

Huko ndiko tulikozaliwa. Baba alikuja kutoka Njombe kama manamba, kibarua wa kukata mkonge, akazikwa huko huko na mama pembeni yake. Elina hakuwa amefika huko tangu maziko ya mama.

"Mimi sijapita huko siku nyingi," nikamjibu. "Kwa nini?"

"Nikifumba macho najaribu kuiona ile milima, dada, na naona imeanza kuchanganyika na milima ya huku. Sura yako haichanganyiki. Wewe nakujua hata kwa sauti."

Tulizungumza mengine, ya wajukuu, ya bei ya samaki. Nilipokata simu nilikaa na ile simu mapajani. Mimi nilikuwa nataka kumwona Elina kabla hajaacha kuona. Sikuwa nimejiuliza yeye anataka kuona nini.

Nikampigia Ritha. "Usiandike jina langu. Andika la Elina, aje yeye."

"Bibi!" Sauti yake ilipanda. "Hizi nilikuwekea wewe. Nimekuwa nikikuona kichwani, umekaa dirishani, unanipungia."

"Najua, mwanangu."

"Labda hutapanda tena. Pointi nyingine zitachukua miaka, na wewe..." Akaacha hapo, maana ana adabu.

"Na mimi ni mzee, sema tu. Lakini macho ya Elina ndiyo yenye haraka. Mimi nikifika Mwanza ataniona mimi peke yangu. Akija huku, ataniona mimi na kwao. Hiyo tiketi moja inabeba vingi zaidi ikitoka kule."

"Umeniumiza, bibi."

"Pole. Chai nitachemsha mimi ukija."

"Haya," akasema, na nikajua amefuta macho. "Nitaenda kumpokea Dar es Salaam mwenyewe, nije naye hadi Korogwe."

Mimi niliwasubiri Korogwe, stendi, nimekaa kwenye kiti ambacho mama muuza chai alinipisha bila kuombwa. Basi lilipofika, Ritha alishuka kwanza, kisha akampokea Elina mkono. Ule ugonjwa umemla pembeni. Anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye mwanzi. Nikasimama mbele yake kabisa. Akanitafuta, akanipata, akanishika mashavu.

"Umezeeka, dada!"

"Na wewe umenenepa. Huko angani mlikuwa mnalishwa nini?"

"Juisi na karanga. Karanga nimekuletea, nimezificha kwenye pochi." Na kweli akazitoa.

Tulilala kwa Ritha, asubuhi tukakodi gari hadi Mazinde. Elina alikaa mbele. Alikuwa akigeuza kichwa polepole, kutoka upande huu hadi upande ule, akivuta nchi kipande kipande. Mistari ya mkonge ilipoanza akamgusa dereva begani, "Baba, taratibu." Yule kijana akapunguza mwendo, na hakuuliza sababu, hata malori yalipompigia honi.

Makaburi tuliyapata. Majani yalikuwa marefu, Ritha akayafyeka kwa panga la kuazima. Elina aliomba tumgeuze aelekee milimani. Ilikuwa bado mapema, na ile milima ilikuwa ya bluu.

"Iko pale pale," akasema.

"Ilikuwa iende wapi?"

"Nyamaza, dada. Natazama."

Upepo ulituletea harufu ya mkonge mbichi kutoka korona, kile kiwanda cha kuchambulia majani, harufu ambayo baba alikuwa akirudi nayo nyumbani kwenye shati. Elina akavuta pumzi, machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Alisema akiyafuta atapoteza muda. Ritha alikuwa amesimama na panga mkononi akimwangalia. Akaja akaegemeza kichwa begani kwangu. "Ulifanya vizuri, bibi," akaninong'oneza.

Huku Handeni wale waliochanga walikuja wote kumwona. Afisa aliingia na maneno tangu getini, maana Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na Elina aliolewa huko.

"Yuko wapi huyo mke wa Mnyamwezi? Babu wa mumeo alipita hapa kwa miguu akienda pwani na mzigo kichwani, wewe unajidai na ndege! Na umekuja kwa mahindi yangu!"

"Ndiyo maana ndege ilichelewa," Elina akajibu. "Mahindi yako yalikuwa na funza."

Afisa alicheka hadi akakaa chini. Kisha akasogea, akajileta mbele ya uso wa Elina, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "Nitazame vizuri, mtani. Hivi ndivyo nilivyo." Elina akamtazama vizuri.

Siku za kukaa zikaisha, kama ziishavyo. Nilimsindikiza hadi Korogwe. Ritha alikuwa amekwisha kupanda na mizigo, kondakta anatuhimiza kwa upole. Elina alinishika mashavu tena, akanitazama kwa muda, akinisoma kutoka paji la uso hadi kidevu.

"Basi, dada," akasema. "Nimekuona. Macho sasa yafanye yanavyotaka."

"Yafanye," nikamwambia. "Lakini wewe njoo tena, Elina. Hata yakiwa yamezimika kabisa, njoo. Nitakushika mkono, nikuambie milima ina rangi gani."