Mtandao Umeganda

Kutulia ndiko kulikomlisha. Alipiga picha za pasipoti kwenye kibanda cha kutoa nakala, na kutwa kucha aliwaambia watu wasicheke, wasipepese, wasitikisike. Mtaa ukambandika jina la Usitikisike, nalo likamganda kuliko la kwenye cheti.

Chakula kilipomshinda hadi nguo zikaanza kumvaa yeye, daktari alimuunganisha na mshauri wa kwenye simu. Kila Jumamosi mchana walikula pamoja kwa video, mshauri na sahani yake kule, yeye na yake huku. Leo ilikuwa Jumamosi ya sita na ya mwisho. Kikao kikiisha, mshauri angemwandikia daktari kama anaendelea kutibiwa nyumbani au analazwa. Kulazwa hakukutaka kabisa, ingawa hata kutokutaka huko alikusikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Jumamosi ya pili mtandao uligoma kweli, picha ikaganda, na walipopigiana tena mshauri hakuuliza habari za sahani. Basi, fundi akapata ufundi. Tangu siku hiyo, tonge likikaribia mdomo, alitulia tuli kama anayepigwa picha, jicho halichezi, hadi dakika ipite na mtandao uonekane umegoma, kisha akakata simu. Akipiga tena, sahani ilikuwa tupu, chakula kimeshatupwa. Uongo mtupu, na aliufanya vizuri kuliko kazi yake.

Leo ulikuwa mkate na yai. Aliinua kipande, akafungua mdomo, akaganda.

Mama yake hakuruhusiwa kuingia wakati wa kikao, ndivyo walivyopatana. Lakini mama alikuwa na gauni la mteja kwenye cherehani, na miwani aliisahau juu ya kabati la mle chumbani. Akaingia kwa kunyata.

"Samahani, nachukua miwani tu."

Mdomo wa mwanawe ulibaki wazi, tonge hewani.

"Mwanangu?"

Usitikisike alimwona kwa pembe ya jicho. Kupepesa mara moja kungetosha. Lakini mshauri alikuwa anatazama, na dakika ilikuwa haijaisha. Alingoja moyo umsute. Haukumsuta.

Mama aliita tena, sasa kwa jina lake kamili, lile analolitoa hospitalini tu. Akamwekea vidole puani, vidole vyenye harufu ya mafuta ya cherehani. Naye, Mungu amsamehe, akabana pumzi.

Mama akaondoa vidole. Akakaa sakafuni.

"Mwanangu amenifia," alisema polepole, kama anayemwarifu mtu mlangoni.

"Hajafa, mama," sauti ikatoka kwenye simu. "Anaganda tu. Akifika kwenye tonge huwa anaganda."

Usitikisike akapepesa macho. Kipande cha mkate kikamdondoka mapajani.

"Umejua tangu lini, dada?" aliuliza.

"Tangu Jumamosi ya tatu. Saa ya ukutani nyuma yako ilikuwa inatembea." Mshauri alisogeza sahani yake pembeni. "Nilikosea kunyamaza. Nilidhani utachoka mwenyewe, uniambie."

Mama hakulia wala hakugomba. Alikuwa anajaribu kuvaa miwani aliyoitwaa kabatini, na kijiti cha miwani kinalikosa sikio.

"Nimekuita mara mbili," alisema.

"Nilikusikia, mama."

"Ulinisikia?"

"Tangu ya kwanza."

Mama aliivua miwani, akaishika tu mapajani.

"Tunaweza kuanza upya," mshauri alisema. "Kipande kimoja, sote watatu. Halafu ndipo tuzungumzie barua ya daktari."

Usitikisike aliutazama mkate, kisha akamtazama mama yake pale chini. Alitafuta aibu, akatafuta huruma, akakuta mle ndani pakavu. Hapo ndipo alipoogopa, na safari hii woga haukutoka kwenye redio ya jirani, ulikuwa wake.

"Mama kaniita, nikamsikia, nikaendelea kutulia," alisema. "Andika nilazwe, dada."