King'ora Kilicholia Kila Asubuhi

Shemeji yangu aliunguza injini siku ya Jumanne, na kufikia Alhamisi gati zima lilikuwa limeshamhukumu. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Yeye ni nahodha wa boti inayovusha walimu na wanafunzi kwenda shule ya ng'ambo. Mfuko wa plastiki ulinasa kwenye tundu linalovuta maji ya kupozea injini, injini ikachemka mpaka gasketi ikaungua, na boti ikavutwa hadi nchi kavu huku watoto wakiwa ndani. Swali lilibaki moja tu: king'ora cha hatari kililia au hakikulia? Shemeji alikula yamini kwamba hakikulia. Ikionekana kililia naye akapuuza, ananyang'anywa usukani, na hakuna kazi nyingine anayoijua.

Mama mwenye boti aliniita mimi kwa kuwa injini ile naihudumia tangu ilipofungwa. Undugu wetu haukumtia wasiwasi. Nadhani alijua kwamba yule bwana simpendi kivile. Tangu amwoe dada yangu namwona ni mtu wa kupuuza mambo: bomba la nyumbani linavuja mwezi mzima, simu haina chaji, akiitwa haitiki mpaka mara ya tatu. Asubuhi ile dada alinipigia na kusema, "Kaka, utakachokikuta nipigie uniambie. Hata kama ni kibaya." Nikamwahidi, na moyoni nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia.

Mama alikaa kwenye benchi la abiria, mkoba mapajani. Shemeji alisimama pembeni ya usukani bila kuugusa. Nilizungusha ufunguo bila kuwasha injini, na king'ora kikalia, kikali kama siku zote.

"Si hicho hapo kinalia?" mama akauliza.

"Kila asubuhi kinalia hivyo, mama," shemeji akasema. "Siku ile hakikulia."

"Kilikuwa kimesinzia," nikasema. Hakuna aliyecheka.

Lakini kilio kile hakikutosha kuwa ushahidi, na hilo nalijua kama jina langu. King'ora ni kimoja, waya zinazokiliza ni mbili. Ukizungusha ufunguo wakati injini imezimwa, oili haina presha, basi waya ya oili ndiyo inayokiliza. Ile ya joto hunyamaza mpaka injini ichemke. Mafundi wote niliowafunza nimewapigia kelele juu ya jambo hilo: msidanganywe na kilio cha ufunguo.

Nikashuka chini kwenye injini, shemeji akanifuata akinishikia tochi. Nilichomoa waya ya oili, king'ora kikanyamaza. Nikachomoa ya joto kwenye sensa yake, kile kidude kinachopima joto, na kuigusisha kwenye chuma cha injini. Hapo king'ora kinatakiwa kipige yowe. Hakikutoa hata mlio. Nikakwangua chuma, nikagusisha tena. Kimya.

Shemeji hakusema "unaona?" Mimi ningesema.

Tukapanda juu, nikafungua skrubu nne za dashibodi na kuingiza kichwa. Waya ya joto ilikuwa inaning'inia, haijaunganishwa na kitu. Ncha yake ilikuwa imefungwa tepu nyeusi, na mwisho wa tepu ulikunjwa kidogo kama sikio, ili atakayekuja aibandue bila kisu. Gati zima hakuna anayekunja hivyo isipokuwa mimi.

Nikakumbuka yote. Miaka miwili nyuma sensa iliingiwa na unyevu, king'ora kikawa kinalia bila sababu njia nzima na watoto wanalia nacho. Nikaitoa waya pale juu ili wavuke kwa amani, nikasema nitaleta sensa mpya. Niliileta baada ya wiki, nikaifunga kule chini, nikazungusha ufunguo, king'ora kikalia. Nikafuta mikono, nikaweka sahihi kwenye daftari la matengenezo. Dashibodi sikuifungua tena.

Kichwa changu kilikuwa bado ndani, na sikutamani kukitoa. Ndipo mwanga wa tochi ukasogea, ukatua juu ya lile sikio la tepu na kukaa hapo. Waya ya pasi ya dada niliifunga hivyohivyo, na shemeji ndiye anayeitumia kila asubuhi; sikio lile alilijua.

"Labda imechomoka yenyewe, shemeji," akasema kwa sauti ya kumfikia mama. "Mtikisiko wa injini, si unajua."

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Mtu niliyekuja kumzika. Na uongo ule ungetuokoa wote wawili, hilo ndilo lililonitia aibu zaidi.

Nikatoa kichwa. "Mama, haikuchomoka. Niliitoa mimi miaka miwili iliyopita, nikasahau kuirudisha. Kilichokuwa kinalia kila asubuhi ni oili tu."

Mama akainuka kwenye benchi. "Miaka miwili watoto wanavuka hivyo?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia shemeji. "Usukani wako. Wewe fundi, tutaongea."

Niliirudisha waya mahali pake, nikamwomba shemeji ashuke chini kuigusisha mwenyewe kwenye chuma. King'ora kikalia, akakiacha kilie. Sikumwambia atoe mkono.

Kiliponyamaza nikampigia dada. Yale maneno niliyoyapanga asubuhi hayakunifaa tena.

"Dada," nikasema, "mumeo anasikia vizuri. Fundi ndiye hakusikia."