Dawa ya Kuoshea Mabomba

Ilias hakuweza tena kulala chali. Akilazwa tu, kifua kinamjaa maji, anakohoa povu jekundujekundu na macho yanamtoka. Basi Zubeda, mkewe, alipanda kitandani akakaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani pake. Tangu alfajiri alikuwa hivyo, amefunga saumu, miguu imekufa ganzi, na wodi nzima inawatazama.

Daktari Nella alikuja tena, macho mekundu kwa kukesha.

"Mama, alivuta moshi gani? Minataka jina ya ile produit. Nikimupa sindano ya kubahatisha naweza kumumaliza."

"Wao wanaiita dawa tu, docteur. Dawa ya kuoshea mabomba."

"Nenda kwa wakubwa yake wakupe jina. Nenda sasa hivi."

Zubeda akamwacha mgonjwa kwa mama wa kitanda jirani, akatoka na Anouar, mdogo wake Ilias. Anouar alikuwa akivusha vitenge pale Gatumba, mpakani mwa Burundi na Kongo. Mpaka ulipofungwa akawa mtu wa kushinda barazani mtaani kwao Buyenzi, anahesabu wapita njia. Njia nzima alikuwa akiapa kwamba leo huyo patron wa kaka yake atamtambua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mtambo wa umeme wa mafuta, na injini zake hupozwa kwa maji yanayozunguka ndani ya mabomba. Mabomba yalikuwa yameota kutu na ukoko wa chokaa. Kampuni ya Gélase, huyo patron, ikapewa kazi ya kuyaosha: dawa inachemshwa, inazungushwa humo mpaka ukoko uyeyuke, kisha inamwagwa. Ilias, fundi wa rejeta za magari, aliwekwa kwenye valvu ya kumwagia, pale pale moshi wa kahawia unapotokea. Alipewa glavu za jikoni. Jana yake jioni alirudi nyumbani akicheka, akala futari vizuri, na usiku ndipo pumzi ikaanza kumkatika.

Ofisi ya Gélase ilikuwa kwenye jumba moja la Kinindo, baridi tupu ndani. Gélase mwenyewe alikuwa mpole, mpole wa kuchukiza.

"Kaa, mama. Ilias ni mutu muzuri. Tunamuombea sana."

"Minaomba jina ya ile dawa tu, chef. Docteur anaingojea."

"Dawa gani? Pale tunatumia maji na sabuni kidogo."

Zubeda hakukaa. Ukutani nyuma ya Gélase palikuwa na picha kubwa yenye fremu: watu waliovikwa nguo nyeupe toka utosini hadi nyayoni, nyuso nyuma ya vioo, kila mmoja na mpira wake wa kumletea hewa, wamesimama kando ya mabomba.

"Na hawa," akauliza, "wanaosha na sabuni?"

Gélase akageuka kuitazama picha, na kwa kweli ilimfurahisha.

"Pale ni Ulaya, mama. Réacteur nucléaire, mtambo ya nyuklia. Na yenyewe inapozwa na maji, mabomba yanashika uchafu wa mionzi, wanautoa na dawa. Mi nilijifunzia kazi pale."

"Dawa ni ile ile?"

"Zinafanana. Lakini pale kuna hatari. Huku kwetu ni kutu tu."

"Nitajie basi hiyo inafanana."

"Ni siri ya fournisseur, yule anatuuzia."

Haya, siri. Mtu anazama kitandani na hawa wana siri. Zubeda alimchukia.

"Tena mama, tusidanganyane," Gélase akaendelea taratibu. "Bwana yako alikataa protection."

"Protection gani?"

"Maziwa. Kila siku saa sita mchana tunagawa maziwa yakate sumu. Wenzake walikunywa wote. Yeye akasema amefunga. Mi nitafanya nini? Nimushike, nimunyweshe?"

Na yeye Zubeda aliamini. Buyenzi nzima inaamini: fundi wa betri, fundi rangi, mchomea vyuma, wote hunywa maziwa wakatulia. Maziwa yale Ilias aliyaleta nyumbani, wakafuturu nayo yeye na watoto, na yeye Zubeda ndiye aliyemsifu mumewe kwa kushika saumu kwenye kazi ngumu kama ile. Aliona aibu mbele ya mtu ambaye hakuwa na chembe ya aibu.

Anouar ndiye aliyesema. "Wenzake walikuwa kule kwenye pompe, chef, mbali na moshi. Ni yeye tu alikuwa ku valvu. Maziwa inaingilia wapi pale?"

"We nani?"

"Mudogo wake."

Gélase alimtazama mabega, mikono, kifua.

"Unafanya kazi wapi?"

"Tangu wafunge Gatumba, sina."

"Ile valvu inataka mutu. Iko bado laini ya pili, tunaanza kesho asubuhi. Lakini sitaki tena matatizo ya Ramadhani. We unafunga?"

Zubeda alimgeukia shemeji yake. Midomo ya Anouar ilikuwa imekauka na kupasuka kwa kiu. Daku walikuwa wamekula pamoja, kwenye mkeka wa hospitali, kutoka sahani moja.

"Apana, chef," Anouar akasema. "Mi sifungi."

"Shemeji," Zubeda akaita kwa sauti ndogo. "Jina ya dawa. Ilias anangoja."

Anouar hakumtazama. Gélase alibonyeza kengele, akamwambia Caritas, karani wake, alete chai kwa kijana. Kikombe kikaja kinatoa moshi, na wote wawili, Gélase na Caritas, wakabaki wamemkazia macho waone kama atakunywa. Anouar akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, mpaka tone la mwisho, na Zubeda amesimama mlangoni bila lile jina.