Ufukwe Usio na Dalili za Makazi

Jumanne moja katikati ya Julai, mwaka sabini na sita, Alistidia alipanda boti pale Kemondo akiwa na ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani, chupa ya maji, na barua yenye mhuri iliyomruhusu kwenda kisiwani Nyakashenyi na kurudi siku hiyo hiyo. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja na kuitia kifuani. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akienda Nyakashenyi na kutoka bila barua, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa huko.

Ndani ya boti walikuwa watatu. Gamaliel, Mlutheri wa makamo mwenyeji wa Kibeta, alishika injini huku akipiga mluzi nyimbo za kanisani. Mbele alikaa Ndugu Rweyemamu, kijana wa ofisi moja ya mkoa mjini Bukoba, viatu vimeng'arishwa na jalada liko magotini. Kazi yake wiki ile ilikuwa kutafuta ufukwe. Ofisi yao ilitaka mahali ambapo wageni wakubwa, wakishamaliza kutembezwa kwenye vijiji vya mkoa, wangeweza kuoga na kupumzika; mahali pa mbali, safi, ambapo mkono wa mtu haujachezea. Kwenye ramani Nyakashenyi ilifaa. Ilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa boti na haikuwa na mtu. Alistidia alichukuliwa kwa sababu aliijua njia ya kupita katikati ya miamba.

Aliwahi kuwa balozi wa nyumba kumi kisiwani, na nyumba zenyewe zilikuwa kumi tu. Walimchagua kwa sababu alisoma kwa masista na aliweza kuandika majina bila kukosea. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipofika mwaka sabini na nne, yeye ndiye aliyeandika orodha. Watu hamsini na mmoja walipakiwa kwenye tishari pamoja na mbuzi na vyungu vyao, wakashushwa bara, wakapakiwa tena kwenye malori hadi kijiji kipya kilichoitwa Muungano, ndani ndani huko Muleba, kwenye rweya. Rweya ni uwanda wa nyasi. Tangu zamani Wahaya walichungia ng'ombe huko na kukata nyasi za kutandika sakafuni, na hakuna aliyewahi kufikiria kujenga, kwa kuwa udongo wake haukubali migomba.

Waliahidiwa shule, zahanati na bomba. Shule ilikuja. Kuta za zahanati zilifika usawa wa madirisha zikasimama hapo. Bomba lilichomoza ardhini likabaki limechomoza, kavu. Migomba waliyotoka nayo kisiwani ilikua kufikia kimo cha mtoto wa miaka mitatu, ikageuka njano.

Mume wa Alistidia, Bartholomayo, alikuwa mchonga mitumbwi. Muungano hapakuwa na maji ya kuelea hata kibuyu, kwa hiyo alikaa mlangoni akichonga mipini ya majembe, mingi kuliko majembe yaliyokuwepo. Masika ya mwaka wa pili akaugua tumbo kwa siku nne. Siku ya tano wakamzika. Hadi Julai ile, kati ya wale hamsini na mmoja, saba walikuwa wamekufa.

Boti ilipita kati ya miamba miwili mikubwa iliyopakwa chokaa na vinyesi vya ndege wa mnandi, na ufukwe ukaonekana. Ulikuwa umejikunja kama mundu. Mchanga ulikuwa mweupe na laini, maji yalikuwa maangavu kiasi cha kuona samaki wadogo wa furu wakipishana chini, na nyuma yake msitu ulishuka hadi karibu na ziwa. Hapakusikika kitu ila ndege. Gamaliel alizima injini. Ndugu Rweyemamu aliangalia muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani, kwamba hapa ndipo. Akavua viatu, akashuka kwenye maji ya magoti, akatembea hadi nchi kavu. Hapo akaona kwamba mchanga umejaa nyayo.

"Nani yuko hapa?" aliuliza.

"Hakuna mtu," Alistidia alisema. "Ni wa nyumba zangu kumi."

Nyayo zilikuwa mbichi na zilikuwa bado zinaendelea. Kisigino kilididimia, vidole vikafuata, maji yakajaa ndani ya alama, na hatua moja mbele kisigino kingine kikadidimia. Juu ya nyayo hizo hapakuwa na kitu. Za watoto wa Datius, jirani wa Alistidia, zilikuja mbio kutoka msituni, zikaingia ziwani, na maji yakaruka pale zilipoingia. Za mkewe zilifuata polepole, zimezama sana kwa uzito wa mtungi. Upande wa pili kulikuwa na mstari wa mtu anayeburuta mguu wa kushoto. Huyo alikuwa Theopista, mwanamke mzee kuliko wote wa Nyakashenyi.

Ndugu Rweyemamu alisogea pembeni ili asizikanyage. Alikuwa amelelewa vizuri. Aliuliza kama hawa wote ni marehemu. Alistidia akamweleza kwamba marehemu ni saba tu. Wengine wako Muungano, na kwa kuwa ilikuwa Jumanne, muda ule wangekuwa shamba la kijiji wakipalilia. Asubuhi ile alimwacha Datius mwenyewe akinoa jembe. Theopista alikuwa kitandani, kwani tangu wahamie bara miguu yake haijambeba hata kufika mlangoni. Rweyemamu alitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Akafungua jalada, akatoa kalamu, akakaa juu ya jiwe kujaza fomu.

Alistidia alimtafuta Bartholomayo. Hakupata shida, kwa sababu mguu wake wa kulia haukuwa na kidole kidogo. Kiliondoka na tezo mwaka waliooana. Alizikuta nyayo zake zikitoka pale palipokuwa na nyumba yao, ambapo sasa palikuwa na majani marefu, zikielekea kwenye mwalo, pale mitumbwi ilipoegeshwa na alipokuwa akichongea. Akaenda kusimama mbele yake, njiani.

Nyayo zilifika hatua mbili karibu naye zikasimama. Kisha zikazunguka. Zilimpita kwa mbali kidogo, kama mtu anavyompita mgeni asiye na shida naye, zikarudi kwenye mstari wake na kuendelea hadi majini.

Alimfuata. Akamwambia kwa Kihaya kwamba ni yeye, Alistidia. Akamwambia kwamba kaburi lake linapaliliwa, kwamba mipini ya majembe bado ipo, imepangwa nyuma ya mlango. Akamwambia na mambo mengine ambayo Gamaliel, aliyekuwa akifunga kamba ya boti karibu na hapo, aliyasikia na hakuyarudia kwa mtu. Nyayo zilibaki zimeelekea ziwani. Baada ya muda zikageuka, zikarudi zilikotoka kwa njia ile ile, zikimpita kwa mbali kidogo.

Ndipo akaanza kutafuta za kwake. Aliupita ufukwe wote mara mbili, toka mwamba hadi mwamba. Alihesabu watu wa kila nyumba kama alivyowahesabu siku ya tishari. Watoto wanne waliokuwa wakigombania maji. Bwana na bibi wa nyumba ya mwisho, ambao hata kwenye mchanga walitembea wameachana. Alipata watu hamsini. Nyuma yake alikuwa ameacha alama za kutembea kwake kwa siku ile, na hizo hakuzihesabu.

"Mimi simo," alimwambia Gamaliel.

Gamaliel aliangalia mchanga, akafikiri. "Siku ya mkutano wa kuhama ulisemaje, mama?"

Mkutano ulifanyika hapo hapo ufukweni. Viongozi walisimama, watu walikaa mchangani. Walipoulizwa nani yuko tayari kuhama, kulikuwa kimya mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Bartholomayo alimgeukia mkewe akamwambia mbele ya wote, "Wewe ndiye balozi. Wewe ndiye umesoma. Ukisema ni kuzuri, tutakwenda." Alistidia alikuwa amezisoma karatasi zote. Aliamini ile zahanati, na aliamini bomba, kwa kuwa yalikuwa yameandikwa.

"Nilinyanyua mkono," alimjibu Gamaliel. "Wa kwanza. Wengine walinyanyua kwa sababu yangu."

Gamaliel alifungua kamba ya boti. Alimpa mkono kumpandisha botini.

Njiani kurudi, upepo ukiwa umetulia, Alistidia alimwomba Ndugu Rweyemamu awasemee ofisini waruhusiwe kurudi. Alisema wako arobaini na nne waliobaki, kwamba nyumba watajenga wenyewe, hawataomba bati wala msumari. Rweyemamu alimsikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu wa dharau. Alimweleza kwamba wale wote wameandikishwa Muungano, na mtu hawezi kuwa kwenye orodha mbili. Zaidi ya hapo, fomu imekwisha kujazwa. Alimwonyesha. Mahali palipoulizwa kama ufukwe una dalili za makazi, alikuwa ameandika: Hakuna. Mahali pa maoni alikuwa ameandika kwamba mchanga unahitaji kufagiwa mara kwa mara.

"Nyayo umeziona," Alistidia alisema.

"Nimeziona, Mama Balozi. Ndiyo maana nimeandika kufagia." Kisha, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba patahitajika mtu wa kazi hiyo, mtu anayepajua mahali, na kwamba yeye angeweza kulitaja jina lake ofisini.

Alikataa. Alikataa tena walipoachana Kemondo.

Jioni ya kesho yake alikwenda kumwona Theopista. Bibi alikuwa amelala ubavu kwenye kitanda cha kamba, miguu imevimba na kung'aa kama viazi vilivyooshwa. Alistidia alimsimulia kila kitu isipokuwa lile la nyayo zake mwenyewe kukosekana. Theopista hakushtuka. Aliuliza kama maji yalikuwa juu au chini, akaambiwa yako chini kidogo kuliko mwaka waliohama.

"Na mimi? Bado naburuta ule wa kushoto?"

"Unaburuta, waitu," Alistidia alimjibu kwa heshima ya Kihaya. "Lakini unafika majini."

Theopista aliitazama miguu yake kama vitu vya mtu mwingine alivyowekewa akiba.

"Basi ndiyo maana hapa haisimami," alisema.

Habari ilienea Muungano kabla ya Jumapili, na watu waliipokea kama mtu anavyopokea jibu la swali aliloliuliza zamani akachoka. Datius alisema sasa ameelewa kwa nini analima kutwa nzima na jioni hakumbuki kama alisimama shambani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisumbuliwa na ganzi aliacha kwenda kwa mganga. Hakuna aliyemlaumu Alistidia, na hilo lilikuwa zito kwake kuliko lawama. Walimwendea mmoja mmoja, wakitaka kujua walionekanaje, walikuwa wanafanya nini, watoto walikuwa wanacheza na nani. Mwishowe Theopista aliwatuma watu wamwite, akamwambia akubali ile kazi. Kama ni lazima mtu awafagie, alisema, afadhali awe mtu anayewajua kwa majina.

Kazi ilianza Septemba. Walimjengea kibanda nyuma ya miti, mahali kisipoonekana kutoka ziwani, na wakampa reki mbili na fagio za chelewa. Gamaliel alimletea unga na chumvi kila alipoleta wageni. Maelekezo yalikuwa rahisi: mchanga uwe safi kabla boti haijapita miamba, na uendelee kuwa safi hadi boti itakapoondoka.

Alijifunza haraka. Mke wa Datius ndiye aliyekuwa mgumu, kwa sababu ya uzito wa mtungi. Palihitajika reki kwanza, kisha fagio. Watoto ulipaswa kuwafuata kwa nyuma. Aliwafagia na huku akiwaamkia, kila mmoja kwa jina la nyumba yake, na wao waliendelea na shughuli zao.

Wageni walikuja na vikapu na viti vya turubai. Walioga, walikula sato wa kuchoma, walilala kivulini. Walipoona alama ya kisigino ikijitokeza mchangani karibu na viti vyao walisogeza miguu kidogo, wakaendelea na mazungumzo, na mwanamke mwenye reki akaja akaipitia. Mgeni mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyesemekana kuwa balozi wa nchi rafiki, alisimama majini hadi kiunoni akamwambia mwenyeji wake kwamba amezunguka dunia na hajaona mahali ambapo binadamu hajapaharibu kama hapa. Mwenyeji alimtafsiria Alistidia ili naye afurahi. Alistidia alimshukuru.

Mwezi Desemba Gamaliel alileta habari kwamba Theopista amezikwa. Alistidia aliuliza siku, akaambiwa ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ile alikuwa amemfagia kama kawaida, asubuhi na mchana, na hakuona tofauti.

Aliyebaki kuwa tatizo ni Bartholomayo. Wengine walipita, yeye alisimama. Kila asubuhi nyayo zake mbili zilisimama kwenye mwalo, zimeelekea ziwani, na hazikuondoka hadi jua liwe limepanda. Alistidia alifagia kumzunguka, akiacha kisiwa kidogo cha mchanga katikati, na kwa wiki nyingi hakuna mgeni aliyelalamika. Halafu Jumamosi moja injini ikasikika mapema, kabla hajamaliza. Pua ya boti ilikuwa tayari kwenye miamba. Alistidia alisimama mbele ya zile nyayo mbili akiwa ameshika reki kwa mikono miwili.

"Bartholomayo," alimwambia, "nipishe nifagie."

Nyayo zilikaa kidogo. Kisha ya kulia ikainuka, ile isiyo na kidole, ikafuatiwa na ya kushoto, na akasogea hatua moja pembeni. Tangu Alistidia arudi kisiwani, hilo ndilo jibu la kwanza mumewe alilompa.

Alistidia akapafagia pale Bartholomayo alipokuwa amesimama, kisha akapafagia na pale aliposogea.